Siku Tatu na Miaka Tisa



Kamati ya kitabu chetu iliponiambia niandike kurasa chache za mwaka huu, nilidhani wanataka mapishi, kwani hayo ndiyo wanayonijulia. Lakini tangu mwanzo wa mwaka kila nyumba ninayoingia, iwe ya Maskati au ya Dubai, hutiliwa chai, na chai haijapoa huulizwa: "Na wewe bibi, waonaje? Nani mwenye haki?" Nyote mnajua khabari ninayoulizwa ni ipi. Ni ya watoto wetu wawili, mtu na binamu yake, waliolelewa nyumba moja, na ambao sasa hawasemezani. Majina yao sitayataja. Nani mwenye haki pia sitasema, kwanza kwa sababu siijui hiyo haki, na pili kwa sababu kuijua hakusaidii kitu. Nitakayoyaeleza hapa ni yaliyonifika mimi na dada yangu. Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika, naye amenipa, kwa sharti moja: nisimfanye yeye peke yake kuwa ndiye mbaya. Nimeahidi, na mtaona kwamba ahadi hiyo haikuwa na taabu kuitimiza.

Sisi tulizaliwa Unguja, mtaa wa Mwembetanga, katika nyumba ya mawe na udongo yenye ua na mstafeli mmoja. Dada amenizidi kwa miaka mitatu. Katika nyumba ile kila mtu alikuwa na namna yake anapoudhiwa, na namna hizo tulizijua kama tulivyojua sauti za milango. Dada alikuwa mtu wa kelele. Neno likimkera halikai moyoni mwake hata kiasi cha kumeza mate. Hutoka pale pale, na mtaa mzima ukalisikia. Lakini baada ya robo saa alikuwa amekwisha sahau, na yeye mwenyewe anakutafuta mkacheze rede.

Mimi nilikuwa kinyume chake. Mimi nilikuwa nikinuna. Nikiudhiwa ulimi huwa mzito kama jiwe la kusagia. Nilikuwa nakwenda stoo nikakaa nyuma ya gunia la mchele, na siku mbili zingeweza kupita siitiki hata nikiitwa kula.

Baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa hawezi mzozo kabisa. Mama akianza kusema tu, yeye huvaa kofia yake akatoka kwenda kunywa kahawa barazani. Akirudi usiku huwa ameshika mkate wa mofa uliofungwa gazetini, akauweka mezani bila ya kusema neno. Sikumbuki hata siku moja kumsikia akisema "nisamehe", lakini mofa alizozileta katika maisha yake zingejaza jahazi. Mama naye, kukitokea ugomvi, wake au wa watu, huingia jikoni. Ugomvi ukiwa mdogo hupika maandazi. Ukiwa mkubwa hupika pilau.

Mwamuzi wa nyumba alikuwa bibi yetu mzaa mama. Hakusoma isipokuwa Kurani, lakini sijakutana na mtu aliyewajua watu kuliko yeye. Tukigombana mimi na dada, siku ya kwanza hakufanya lolote. Mama akitaka kuja kunitoa stoo, bibi humkataza. "Mwache," husema, "damu yake bado inachemka." Siku ya pili hupita akaniangalia tu. Siku ya tatu, wakati wa chakula cha mchana, hutupakulia mimi na dada peke yetu, sinia moja, wali, na juu yake changu mmoja mzima ambaye hakukatwa. Kisha huondoka.

Sasa nyinyi mliozoea kisu na uma pengine hamjui taabu iliyomo katika jambo hilo. Mkono wa kushoto hauingii katika chakula, na kwa mkono mmoja wa kulia humpasui samaki mzima vizuri. Atakuteleza, akamwaga wali. Hapana budi mmoja ashike na mwenziwe avute. Basi tulikaa tukamtazama yule samaki mpaka njaa ikashinda. Mmoja akashika, mwengine akavuta. Na ukishamvuta samaki pamoja na mtu, huwezi tena kusema kwamba humsemezi. Bibi hakuuliza hata mara moja nani alianza.

Miaka mingi baadaye mjukuu wangu anayesomea udaktari alinieleza jambo ambalo nimelifikiri sana tangu siku ile. Aliniambia kwamba mwaka 1915 bingwa mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, Walter Cannon, alichapisha kitabu juu ya mabadiliko yanayotokea mwilini kwa maumivu, njaa, khofu na ghadhabu. Juu ya kila figo pana tezi ndogo, na mtu akitishika au akighadhibika tezi hizo humwaga katika damu kitu kinachoitwa adrenalini. Hapo moyo hupiga mbio, ini hutoa sukari, tumbo huacha kusaga chakula, na damu huelekea kwenye misuli ya mikono na miguu. Yote hayo hutokea kabla mtu hajapata kufikiri. Mwili umekwisha jitayarisha kwa mambo mawili, kupigana au kukimbia. Wataalamu waliomfuata wakaongeza la tatu, nalo ni kuganda, kama panya anavyoganda anapomwona paka. Na mwaka 2000 mwanamke mmoja mwanachuoni, Shelley Taylor, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, waliandika kwamba uchunguzi mwingi wa zamani ulifanywa kwa madume tu, na kwamba wanawake mara nyingi hufanya jambo jengine kabisa: huwashughulikia watoto, na hukusanyika na wenzao.

Nilipoyasikia hayo nilicheka mpaka mjukuu wangu akadhani nimeudhika. Mwanangu, nikamwambia, hiyo ni nyumba yetu ya Mwembetanga! Dada alipigana, baba alikimbia, mimi niliganda, na mama alipika.

Lakini baada ya kucheka nilihisi kama nimetuliwa mzigo. Kwani miaka yote nilidhani kwamba ule ulimi wangu kuwa mzito ni tabia mbaya niliyoichagua, na kwamba kelele za dada ni uovu aliouchagua yeye. Kumbe lile la mwanzo hatulichagui. Linakuja lenyewe, kama kupepesa jicho linapoingia vumbi.

Na dini yetu imekwisha lijua jambo hilo kabla ya hao wa Harvard. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametukataza kumhama ndugu kwa zaidi ya siku tatu, na ametufundisha kwamba mbora wa wawili waliohamana ni yule anayeanza kutoa salamu. Watu husoma hadithi hiyo wakaona katazo tu. Lakini wanachuoni, miongoni mwao Imam Nawawi, wameeleza kwamba zile siku tatu zimesamehewa kwa sababu binadamu ameumbwa na hasira ndani yake. Yaani umepewa muhula. Damu ichemke, ulimi uwe mzito, nenda stoo ukakae nyuma ya gunia. Lakini kuna hesabu, na hesabu ikifika, jambo la pili ni lako wewe, na utaulizwa wewe. Sasa najua bibi yetu alipokuwa akihesabu siku zile mbili na ya tatu akaleta sinia, hesabu yake aliipata wapi.

Nirudi kwenye khabari yangu. Mimi na mume wangu tulikuja Maskati mwaka 1974. Dada alifuatana na mumewe Uingereza mwaka 1976, wakakaa London. Bibi na baba walikwisha tangulia mbele ya haki, na mwaka 1978 mama akaja kukaa nami. Kwa hiyo hata kabla ya ugomvi wetu, ile nyumba yenye watu wa kila namna ilikwisha tawanyika. Mpiga kelele alikuwa peke yake upande mmoja wa dunia, mnunaji upande mwengine, na mwenye sinia alikuwa kaburini Unguja. Hilo sikulitambua wakati ule. Nilidhani tumehama nchi tu.

Mwezi wa Disemba 1992 mama aliugua. Nilimpigia simu dada, akakata tikiti ya wiki iliyofuata, skuli za watoto wake zitakapofungwa. Mama hakuingoja wiki hiyo. Alifariki siku ya Alkhamisi alfajiri, kabla ya adhana. Nilipompigia dada, kwao ilikuwa saa saba na nusu ya usiku. Hakulia. Alisema jambo moja tu: "Nisubirini. Nataka kumwosha mama yangu kwa mkono wangu." Mimi nikawafikishia wazee maneno hayo. Wazee wakasema maiti haiwekwi, na mnajua kwamba hiyo ndiyo mila yetu na ndiyo sunna, kumharakisha maiti. Tulimwosha mchana, wanaume wakamsalia na kumzika baada ya Alasiri. Wakati huo dada alikuwa angali London.

Alifika Ijumaa asubuhi. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake wa matanga, kutoka ukumbini mpaka mlangoni. Aliingia na koti lake la baridi mkononi, akanitazama mimi, si mwengine, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani: "Mmemzika mama yangu kama mtu asiyekuwa na mtoto mwengine!" Na mengine akasema, ambayo sitayaandika, kwani ni maneno ya mtu aliyefiwa.

Nikikumbuka chumba kile naona yote aliyonieleza mjukuu wangu. Ami yetu aliyekuwa amesimama mlangoni alitoka nje na hakurudi mpaka Magharibi. Mama mdogo alianza kuwatilia watu kahawa ambao finjani zao zilikuwa bado zimejaa. Mimi sikusema neno. Niliinuka nikaenda jikoni, nikaosha vikombe. Niliosha vikombe vilivyokuwa safi. Mate yalinikauka mdomoni, na hata ningetaka kusema nisingeweza.

Dada alikaa siku nne. Siku zote hizo nilimtandikia, nilimpikia, nilimpelekea maji ya kuoga, na sikumsemeza. Siku ya tatu ilipofika hapakuwa na mtu wa kuleta sinia. Siku ya nne akaondoka. Nami nikajiambia kwamba sikumkosea, kwani yeye ndiye aliyenivunjia heshima mbele za watu, na mimi sikumjibu hata neno moja. Kimya hicho kilikuwa cha miaka tisa.

Nataka hapa niseme jambo ambalo ni zito kwangu kulisema. Katika miaka hiyo tisa watu walinisifu. Walisema mimi ni mtulivu, mvumilivu, mwenye kifua. Dada alipata jina la mkali. Mpiga kelele siku zote hulaumiwa, kwa sababu kosa lake lina mashahidi. Mnunaji husifiwa, kwa sababu lake halisikiki. Lakini mimi najua nilichokuwa nikikifanya. Siku zile tatu za mwanzo ulimi wangu ulikuwa mzito kweli. Baada ya hapo haukuwa mzito tena, niliufunga mwenyewe. Niligundua kwamba kunyamaza kunamuuma zaidi kuliko neno lolote ningeloweza kumwambia, nami nikaendelea kunyamaza. Kile kimya kilikuwa ndiyo ngumi yangu, na niliipiga kila siku kwa miaka tisa, huku watu wakinisifu kwa upole.

Mtoto wake wa kiume alikuja kufanya kazi Maskati. Nilimkaribisha, akala kwangu kila Ijumaa. Kila alipokuja alisema, "Mama anakusalimu sana," nami nikijua kwamba hakunisalimu. Nami husema, "Msalimu," naye akijua kwamba sikusudii. Baadaye nilipata kujua kwamba kule London binti yangu aliyekwenda kusoma alikuwa akifanya vivyo hivyo, akimpelekea salamu zangu nisizozituma. Watoto wetu walitusuluhisha kwa uwongo miaka yote hiyo, na uwongo wa kusuluhisha umeruhusiwa, lakini ni aibu kwa mtu mzima kulishwa salamu na mtoto kama mgonjwa anavyolishwa uji.

Usiku wa kuamkia Idi, mwishoni mwa Ramadhani ya mwaka 2001, nilikuwa jikoni nakaanga visheti. Simu ikalia. Nikaipokea na mkono una unga, nikasema halo, upande wa pili kimya. Nikasema halo tena. Nikasikia mtu anapumua, na nyuma yake birika linachemka. Nikamjua. Yeye ambaye katika maisha yake hakupata kunyamaza, alikuwa amenyamaza.

Sitaki mdhani kwamba nilifanya ushujaa. Ulimi wenyewe ulitoka, kwa mazoea ya utotoni, kwani mdogo ndiye anayeanza. Nikasema, "Shikamoo, dada."

Akaitika, "Marahaba." Kisha, kama nilivyomjua, akaanza kwa kelele: "Miaka tisa naingoja shikamoo yako! Miaka tisa! Nimekuwa nani mimi, mbwa?"

Nikahisi lile jiwe linanijia. Mkono wangu ulikwisha anza kuishusha simu. Lakini mara hii, sijui ni kwa baraka ya usiku ule au ni kwa uzee, nililisema jambo ambalo sijapata kumwambia mtu yeyote. Nilisema, "Dada, ulimi wangu umekuwa mzito. Si kwamba sikusikii. Usikate. Ningoje."

Akaningoja. Alikuwa akipiga kwa zile kadi za simu zilizokuwa zikiuzwa madukani Uingereza, unazokwangua namba, na kila baada ya muda sauti ilimwambia dakika ngapi zimebaki. Hakusema neno. Alizitumia dakika zake kuningoja ninyamaze mpaka niweze kusema. Na kabla sijapata la kusema, akaniuliza yeye, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mama aliniulizia?"

Nikakaa chini pale pale jikoni. Nikamwambia, "Mara mbili. Usiku ule wa mwisho. Mara ya kwanza alisema, mwanangu wa Uingereza amefika? Nikamwambia yuko njiani. Mara ya pili alisema, mwekeeni chakula."

Hakujibu. Nikasikia analia, na hapo kadi ikesha, simu ikakatika. Baada ya nusu saa ikalia tena. Alikuwa amekwenda dukani na ushungi wake kununua kadi nyengine.

Ndugu zangu, hilo ndilo lililonifanya niandike kurasa hizi. Mimi nilidhani tunagombana juu ya maziko, nani alitoa amri, nani alimvunjia nani heshima. Kumbe nyuma ya kelele zote alizozipiga mbele ya wale wanawake palikuwa na swali moja tu, na jawabu yake nilikuwa nayo mimi, na hapakuwa na mtu mwengine duniani aliyekuwa nayo, kwani usiku ule nilikuwa peke yangu na mama. Nililala nayo miaka tisa. Lau ningekufa katika miaka hiyo, ningekwenda nayo kaburini. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wazee. Lakini kimya changu kilikuwa kimemzibia mtu haki yake.

Baadaye tulizungumza sana, na tukagundua kosa letu lilikuwa wapi. Kila mmoja wetu alimsoma mwenziwe kwa kamusi yake mwenyewe. Mimi siwezi kumpigia mtu kelele mpaka niwe nimemchukia kabisa. Kwa hiyo aliponipigia kelele niliona amenichukia kabisa. Yeye hawezi kumnyamazia mtu mpaka mtu huyo awe si chochote kwake. Kwa hiyo niliponyamaza aliona kwamba yeye si chochote kwangu. Wote wawili tulikosea. Kelele zake zilikuwa ndiyo namna yake ya kuja karibu, na kimya changu, siku zile za mwanzo, kilikuwa ndiyo namna yangu ya kutoharibu. Kule Mwembetanga hakuna aliyekosea kumsoma mwenziwe, kwa sababu bibi alikuwepo kutafsiri.

Na hapo ndipo ilipo khatari yetu sisi tuliotawanyika. Ugomvi tunao kama walivyokuwa nao wazee wetu, hatukuzidi wala hatukupungua, kwani vyombo vikikaa pamoja havina budi kugongana. Lakini zamani mtu akinuna, alinuna ndani ya nyumba ileile, na mapenzi yake asipende, atakutana na mwenziwe kisimani, atapishana naye mlangoni, watakaa arusini jamvi moja. Anayekimbia alikimbilia barazani, na baraza lilimrudisha. Leo anayekimbia hupanda ndege, na anayenuna hana haja hata ya stoo. Nyinyi vijana mmepata njia nyepesi zaidi. Mmoja wa watoto wetu hao wawili alitoka kwenye kundi la ukoo la WhatsApp usiku ule ule wa arusi. Huko ndiko kukimbia. Mwengine huusoma ujumbe wa mwenziwe, zile alama mbili zikageuka buluu, na hajibu. Huko ndiko kununa, na mimi nawaambieni kama bingwa wa fani hiyo, kunauma sana kwa anayengoja.

Sina elimu ya kuwapa isipokuwa haya machache. Kwanza, ijue namna yako, na uiseme kwa mdomo kabla ugomvi haujaja. Sema: mimi nikiudhika huwa nanyamaza, nipe siku. Au: mimi hupayuka, usiyashike yote. Maneno matano kama haya yangeniokoa miaka tisa. Pili, usimsome mwenzio kwa kamusi yako. Jiulize, katika lugha yake yeye, kelele hizi ni nini? Kimya hiki ni nini? Tatu, hesabu siku. Siku tatu ni zako, umepewa, usizionee haya. Ya nne si yako.

Na la mwisho ni kwetu sisi tulio pembeni, ambao tunapenda kuuliza nani mwenye haki. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, walisema wazee, maana kesho watapatana na wewe uliyeingilia utabaki na aibu yako. Lakini kulima si kukimbia. Bibi yetu naye hakuingilia. Hakuhukumu, hakusikiliza mashtaka, hakupeleka maneno. Alipika samaki akamwacha mzima. Mtu wa namna hiyo sasa hatunaye katika ukoo wetu, na hatatoka Mwembetanga kutujia. Hapana budi awe mmoja wetu.

Mtauliza kama mimi na dada tulibadilika. Hatukubadilika. Alikuja Maskati mwaka 2003, tukaenda pamoja kwenye kaburi la mama, na jioni yake tukagombana juu ya kiasi cha hiliki katika kahawa. Yeye alipiga kelele, mimi nikanuna. Asubuhi yake niliweka sinia. Siku hizi afya haimruhusu kusafiri, lakini hunipigia kila Ijumaa, na kila mwezi pengine mara moja hunikasirisha. Nami humwambia, "Dada, jiwe limenijia." Naye hunijibu, "Haya, naningojea," akaendelea na mambo yake jikoni, simu iko wazi, namsikia anavyogonganisha vyombo, mpaka niweze kusema.

Sasa nyinyi wawili, mnajijua. Siku ya Idi ijayo nawataka nyumbani kwangu baada ya sala, kila mtu na gari yake akitaka, kila mtu na uso wake kama ulivyo. Sitauliza nani alianza. Pengine mmoja wenu anayo jawabu ambayo mwenziwe anaihitaji, na wala hajui kwamba anayo, kama mimi nilivyokuwa. Sinia ni moja, samaki ni mmoja, na sitamkata.

Mwenyezi Mungu azikusanye nyoyo zetu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tusife na maneno ya watu vifuani mwetu. Amin.

Ni mimi bibi yenu,
Maskati